Mimi, Shemeji na Mashua Yetu

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka ziwani, ingawa yeye mwenyewe hakupanda mashua hata mara moja maishani mwake. Sisi ni watu wa Nyakach, upande wa Pap Onditi, ambako watu hulima pamba na mahindi na kugombania mipaka, na ziwa huonekana kwa mbali tu. Dada aliolewa na mtu wa maji. Mume wake alikuwa baharia katika meli za mizigo zilizotoka bandari ya Kisumu kwenda Mwanza na Uganda, nao waliishi katika nyumba ya kazi, vyumba viwili na jiko la nje, karibu na njia ya reli. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa ya kutoonyeshwa wageni, nilitumwa kwao nikatafute kazi.

Shemeji alikuwa mrefu na mkimya. Alikuwa na mazoea ya kukaa kibarazani akitazama moshi wa jiko la jirani ili ajue upepo unatoka wapi. Tangu siku ya kwanza aliniita ora, neno letu la shemeji, kwa heshima ileile ambayo angempa mtu mzima mwenye ng'ombe. Nami nilimwita hivyo hivyo. Sikumbuki hata siku moja tukiitana kwa majina.

Jumapili ya pili baada ya kufika kwangu, tulipotoka kanisani, aliniambia nivue viatu vyangu vizuri nivae vya matairi. Tulishuka hadi Dunga, akaazima mashua ya tanga ya rafiki yake mvuvi. Sikujua kuogelea. Maji yalipofika kiunoni aliniuliza kama ninaogopa, nikakubali kwamba ninaogopa.

"Vizuri," alisema. "Asiyeogopa ndiye hunipa kazi. Shika hii kamba. Tanga likivuta sana, legeza. Likianza kupigapiga kama nguo iliyoanikwa, vuta. Mengine niachie mimi."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote. Yeye alikaa nyuma kwenye usukani, mimi katikati na kamba ya tanga, na hivyo ndivyo tulivyokaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Alinieleza kwamba asubuhi upepo wa Kisumu hutoka nchi kavu ukakusukuma nje, na baada ya saa saba hugeuka ukatoka ziwani kukurudisha nyumbani. Alisema Mungu aliyepanga hivyo lazima alikuwa anajua kwamba wanaume wana wake wanaowangoja. Jioni ile niliposhuka, viganja vimechubuka na suruali imeloa, nilikuwa nimepata kitu ambacho sikukitafuta wala sikujua kama kinatafutwa.

Kazi nilipata vilevile. Kiwanda cha kuchambua pamba kilinichukua niwe karani wa mizani. Baada ya mwaka mmoja shemeji alinunua mashua kuukuu ya mzee mmoja aliyekuwa amehamia kwenye injini. Ilivuja kila mahali. Tuliipandisha juu ya magogo, na kwa miezi miwili tukashinda nayo kila siku ambayo yeye hakuwa na safari. Mimi nilileta mabaki ya pamba yaliyotupwa kiwandani. Yeye aliyachovya kwenye lami na kuyashindilia katika nyufa za mbao kwa patasi butu. Dada alishona tanga. Alitandaza amerikani nyeupe sebuleni hadi hatukuwa na pa kukanyaga, akashona kila kiungo mara mbili kwa cherehani yake ya miguu, huku akinung'unika kwamba eti anamshonea nguo mke mwenzake. Tangu hapo mashua aliiita hivyo, mke mwenza. Jumapili alikuwa akitufungia viazi vitamu na chupa ya chai, akatuambia tumsalimie. Tuliporudi alimtazama mumewe kwanza, akanitazama mimi, ndipo akaenda kuinjika maji ya ugali. Hawakujaliwa watoto. Nadhani mimi nilikuwa kitu fulani katika nafasi hiyo, kwa wote wawili.

Pamba ilianza kupungua mizanini, kisha asubuhi moja tulifika kazini tukakuta kufuli. Nikarudi Nyakach, nikawa mwalimu asiyesomea ualimu katika shule ya msingi si mbali na soko la Pap Onditi. Nilifundisha hesabu na Kiswahili, na Ijumaa jioni nilikuwa barabarani nikingoja gari la Kisumu. Mke wangu, ambaye tulikuwa tumeoana mwaka huo, alishuku nina mwanamke mjini. Dada ndiye aliyemtuliza. Alimwambia kwamba mwanamke yupo kweli, lakini ni wa mbao.

Halafu zamu ya shemeji ikafika. Meli zilipunguzwa, moja ikafungwa gatini isitoke tena, na mabaharia wakapewa barua. Alikuwa amepita miaka arobaini. Walihama nyumba ya kazi wakapanga chumba Manyatta, akakaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne alikwenda Kondele, akakodi kibanda cha mabati, akatundika kioo ukutani, akawa kinyozi. Melini yeye ndiye aliyekuwa akiwanyoa wenzake, kwa hiyo kazi aliijua. Kazi haikumuumiza. Siku moja, tukiwa mbali na ufuo, aliniambia kwamba vijana wanaokaa kwenye kiti chake humwambia kata hapa, acha pale, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba aliwahi kushika usukani wa meli iliyobeba mabehewa ya treni, usiku mzima, katika mawimbi ya nje ya Rusinga.

"Nchi kavu mimi ni mtu mwingine, ora," alisema. "Hapa ndipo ninapojijua."

Nilimwelewa. Mimi nami shuleni nilikuwa mtu mwingine, mtu wa chaki na kelele, na kila Jumamosi tanga likijaa nilihisi kama nimerudishiwa jina langu.

Walimu waliosomea walipoletwa, niliondolewa. Rafiki mmoja aliniombea kazi Port Victoria, katika ghala la barafu lililonunua samaki wa mbuta kwa wavuvi, na nikatakiwa nifike mwanzoni mwa mwezi. Shemeji akasema atanipeleka mwenyewe kwa mashua. Dada alidhani anatania. Lakini Jumatatu asubuhi tulipakia godoro langu ndani ya karatasi ya nailoni, sufuria mbili, sanduku la bati na debe la unga, tukaondoka na upepo wa nchi kavu.

Ilituchukua siku nne. Tulipita Asembo, tukapita Uyoma, na kila jioni tulivuta mashua ufuoni tukalala kati ya wavuvi waliotukaribisha samaki na kuuliza kama tuna akili timamu. Siku ya tatu tulitoka kwenye mlango wa ghuba, na hapo maji yakabadilika. Ya Kisumu ni ya matope. Yale yalikuwa ya kijani, na mawimbi yake yalikuwa marefu, yanakuinua polepole na kukushusha polepole. Tulipogeuka kwenda kaskazini upepo ulikuwa unatupinga, ikabidi twende kwa kubisha, mara kulia mara kushoto, saa baada ya saa. Shemeji alizungumza siku ile kuliko mwaka mzima. Alinionyesha mahali meli yao ilipokutana na dhoruba, na kisiwa walikokuwa wakinunua ndizi. Mchana alinikabidhi usukani, akalala chali juu ya godoro langu, akafumba macho. Sikujua mtu anaweza kuniamini hivyo. Nimekuwa na harusi na nimepata watoto, lakini furaha ya siku zile nne sijapata nyingine ya kuilinganisha nayo.

Miaka kumi na zaidi nilifanya kazi Port Victoria. Nilianza karani nikaishia msimamizi wa ghala, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda Kisumu. Dada alishona tanga la pili, na la tatu. Alipoanza kushona la tatu ndipo aliposema mgongo unamuuma, na baadaye ikawa si mgongo. Ulikuwa uvimbe tumboni. Alikwenda hospitalini mara nyingi, akafanyiwa upasuaji, na mwishowe madaktari wakamwambia mumewe amrudishe nyumbani.

Shemeji alifunga kibanda chake. Alimwogesha, alimpikia uji, alimgeuza kitandani ili asipate vidonda. Nilipofika Ijumaa moja nilimkuta amekonda kuliko mgonjwa. Usiku alilala kwenye kiti. Asubuhi, Jumamosi, nilitoka nje nikaona moshi wa jiko la jirani umelalia upande wa ziwa, upepo mzuri, wa kati, na nikamwambia twende.

"Leo hapana," alisema.

Nilimwambia saa moja tu. Nilimwambia atakuja kuanguka, na akianguka nani atamtunza dada yangu. Akakataa tena. Nikamwendea dada kitandani, nikamwomba anisaidie. Hilo ndilo nililolifanya. Dada aliinua mkono kidogo juu ya shuka.

"Nendeni," alisema. "Mnanimalizia hewa hapa."

Jirani yao, mama mmoja aliyekuwa akija kila siku, alisema ataketi naye. Simu zetu tuliziacha mezani zisije zikalowa.

Tulitoka Dunga saa mbili na nusu. Baada ya muda mrefu nikaona mabega ya shemeji yanashuka. Alivua kofia. Tulikwenda mbali kuliko tulivyokusudia. Mimi niliona, naye aliona, na hakuna aliyesema turudi. Saa nne upepo ukafa. Tulipiga makasia kidogo, tukachoka, tukangoja ule wa mchana uje utupeleke nyumbani kama kawaida.

Ulikuja, lakini haukuja peke yake. Kule nje kulikuwa na magugu maji, yale ya maua ya zambarau, ambayo huelea yakishikana kama shamba zima. Upepo ulipogeuka uliyasukuma yakaingia ghubani mbele yetu. Tulipokaribia Dunga tuliuona ufuo, tuliona hata nguo zilizoanikwa na watu wakitembea, na kati yetu na wao kulikuwa na kijani kitupu. Mashua iliingia hatua chache ikakwama. Tulisukuma kwa makasia, makasia yakazama. Shemeji alichukua panga, akashuka ndani ya yale magugu, maji yakimfika kifuani, akayakata na kuyavuta kwa mikono huku mimi nikisukuma kwa mti wa tanga. Alikata bila kupumzika. Kila tulipofungua njia, ilijifunga nyuma yetu. Tulifika nchi kavu saa kumi na moja jioni. Alikuwa anavuja damu mikononi, na hakungoja tuivute mashua. Alianza kukimbia vile alivyokuwa, matope hadi shingoni.

Dada alikuwa amefariki saa nane.

Mama yetu alifika kutoka Nyakach kesho yake asubuhi, pamoja na ndugu zangu. Uani palikuwa pamejaa watu. Mama hakulia mara moja. Alimwita yule jirani, akamuuliza mwanawe alikufa akimwita nani. Jirani, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alisema alimwita mumewe, akamwita mara nyingi, hata simu ikapigwa ikalia palepale mezani. Ndipo Mama akamgeukia shemeji mbele ya watu wote. Kwetu mtu na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawali pamoja, hawabishani. Sikuwahi kumsikia akizungumza naye moja kwa moja kabla ya siku ile.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Nilikuwa ziwani, Mama."

Mama akanitazama mimi. "Na wewe?"

Nimeyarudia maneno yangu kichwani mara nyingi mno, na hayajabadilika. Nilisema, "Alitaka kwenda. Nikaona asiende peke yake."

Shemeji aliinua macho akanitazama. Nadhani alikuwa anahakikisha kama amesikia vizuri. Kisha akainamisha kichwa, akatazama mikono yake iliyofungwa vitambaa. Mama alilia hapo, akasema mambo ambayo mzazi husema. Alisema mwanawe alimshonea mtu huyu matanga hadi mgongo ukavunjika, na siku ya kufa akaachwa kwa ajili ya mbao. Tulimzika kwa shemeji, Asembo, kama inavyotakiwa. Kaburini Mama alikataa kupokea mkono wake, na ndugu zangu wakafuata, na mimi nikasimama upande wa ndugu zangu.

Nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Halafu nikajiambia Mama ana presha, tumwache kwanza. Baada ya miezi michache shemeji alimtuma mtu Port Victoria aniambie kwamba mashua ni yangu, niichukue, yeye hana haja nayo tena. Niliichukua. Hata hilo sikulionea aibu wakati ule. Baada ya miaka miwili alioa mjane muuza mboga wa Kondele, na nyumbani kwetu wakasema, mnaona. Nami nikasema, mnaona. Nilisema kwa sauti kuliko wote.

Ghala la Port Victoria liliuzwa, mwenye kulinunua akaja na watu wake, na mimi nikarudi Kisumu nikafungua duka dogo la spea za baiskeli na pikipiki. Nilikuwa naishi mwendo wa nusu saa kutoka kibanda cha kinyozi, na kwa miaka kumi na mmoja sikupita njia ile. Kunyolewa nilinyolewa kwingine. Jumamosi nilikwenda Dunga, nikamlipa kijana wa ufuoni ashike usukani, nami nikakaa katikati na kamba yangu. Sikuwahi kukaa nyuma.

Mama alifariki katika mwaka wa kumi wa kuikwepa kwangu njia hiyo. Alikufa akiamini nilichomwambia.

Habari ya macho ya shemeji niliipata dukani, kwa mteja aliyekuja kununua cheni. Alikuwa anazungumza tu. Alisema yule mzee kinyozi wa Kondele, aliyekuwa mtu wa meli, sasa haoni, ni presha ya macho, na mkewe ndiye anayenyoa. Nilimfungia cheni yake, nikamrudishia chenji, nikafunga duka saa tano asubuhi.

Kibanda kilikuwa kilekile. Mwanamke wa makamo, mfupi, alikuwa akimnyoa mwanafunzi. Shemeji alikaa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya magoti, uso umeelekea mlangoni. Nywele zote nyeupe. Nilisimama nikaziba mwanga, na pengine aliona kivuli, kwa sababu aliuliza ni nani.

"Ni mimi, ora," nilisema.

Akamwambia mkewe aniletee kiti. Mkewe alinitazama vizuri, akajua mimi ni nani, na kwa hakika alikuwa amesikia habari zangu kwa muda mrefu. Lakini alileta kiti, akakipangusa, akamaliza kichwa cha yule mwanafunzi na kutoka nje akatuacha. Tuliulizana habari za watoto wangu. Alinipa pole ya Mama. Mazishi yake aliyasikia redioni. Nilimpa pole ya macho. Baada ya hapo sikuwa na mahali pengine pa kwenda, nikasema. Nilisema ni mimi niliyemshawishi siku ile, kwamba yeye alikataa mara mbili, kwamba Mama nilimwambia uongo uani mbele ya watu.

"Najua," alisema. "Nilikuwa hapo."

Nilimuuliza kwa nini hakunikanusha. Alipapasa goti lake.

"Ningesema, Mama yenu angepoteza watoto wawili siku moja," alisema. "Nilijua utasema mwenyewe matanga yakiisha. Hukusema. Nikadhani baada ya mwaka. Halafu nikaoa, na nikaacha kungoja."

Hakuwa na hasira. Ningeipokea hasira. Nililia pale kwenye kiti cha plastiki, mtu mzima mwenye wajukuu, na yeye alinyoosha mkono hewani hadi akanipata bega, akauacha hapo.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila Alhamisi. Mkewe alininyoa. Ana mkono mwepesi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemfundisha, alipoona mwanga unamtoka, akimshika vidole juu ya vichwa vya wateja waliokubali kujaribiwa. Nilijifunza pia kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemwokota baada ya kifo cha dada yangu, shemeji alipokuwa hali wala hafungui kibanda. Sisi kwetu tulikuwa tumemwita kwa majina mengine.

Baada ya wiki kadhaa nilimwambia mashua ingali nzima. Nilikuwa nimeitengeneza kwa ajili yake: nimebadilisha mbao mbili, nimeipaka rangi, nimeweka mkeka nyuma. Nilimwambia haihitaji macho, nitamweleza kila kitu, upepo atausikia mwenyewe.

"Hapana," alisema.

Nilidhani anaogopa, nikaanza kumhakikishia. Akanikatiza.

"Si macho, ora. Macho yangu yamekufa juzi. Mimi na ziwa tulimalizana siku ile ya magugu. Miaka hii yote nilikuwa naona vizuri tu, na sikushuka Dunga hata mara moja."

Sikuwahi kujua hilo. Nilikuwa nikidhani nilimnyima jamaa na heshima, na kwamba hayo yaweza kurudishwa. Sikujua kwamba nilimnyima na lile alilolipenda kuliko yote, kisha nikaenda nalo mimi mwenyewe kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja. Nilimuuliza kama ningesema mapema, angerudi majini. Alisema pengine. Alisema hajui.

Desemba hiyo tulikutana nyumbani Nyakach kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la Mama, na baada ya chakula niliwaambia ndugu zangu. Wako wawili wa kiume na dada mdogo. Kaka anayenifuata alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nilitaka wafanye nini na maneno hayo sasa, na Mama yuko chini ya saruji. Dada mdogo aliinuka akaenda jikoni, na hakutoka hadi nilipoondoka.

Lakini Januari shemeji aliniambia amepata mgeni. Dada mdogo alikuwa amesafiri peke yake hadi Kondele na kuku wawili na unga wa wimbi, akapiga magoti mlangoni kama shemeji anavyomwamkia shemeji, akakaa mchana kutwa. Sasa huenda mara kwa mara. Mimi hanipigii simu. Tukikutana kwenye misiba hunisalimia kwa mkono, na kupita.

Nilijaribu kuendelea na mashua. Nilikwenda Jumamosi mbili, kwa hali nzuri ya hewa, na mara zote mbili nilirudi kabla upepo haujageuka. Nilikuwa nikishika kamba na kuona ni kamba tu. Mwezi wa tatu niliiuza kwa mtu anayebeba mchanga wa kujengea. Alikuwa muungwana, aliniuliza kama nitaumia akikata mlingoti, kwa sababu anataka kuweka injini. Nilimwambia akate. Nilibaki nikamsaidia kuushusha.

Shemeji sikumwambia, na yeye hakuuliza. Alhamisi iliyopita mvua ilikuwa nyingi na wateja hawakuja. Aliniuliza mjukuu wangu wa kwanza anasomea nini, nikamwambia anasomea umeme, akasema hiyo ni kazi nzuri, haiishi. Tulikaa tukisikiliza mabati. Mkewe alimaliza kunipangusa shingo, akakung'uta shuka mlangoni, akatuwekea chai, na sote watatu tukanywa tukingoja mvua ipungue.